Kuku wa Bibi Anastazia

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka naona aibu kwanza, halafu nacheka. Ilitokea hapahapa Singida mjini, nikiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, fundi cherehani mwenye ndevu chache na maneno mengi. Sikuwa na mpango wa kukusimulia. Lakini jana jioni nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu hapo kibarazani, nikakuona.

Nilimwona Mama Salma wa nyumba ya pili akivuka uchochoro na sahani ya boga la kuchemsha. Alikuwa amelifunika kwa sahani nyingine, kwa sababu ya upepo wetu huu unaotia mchanga hata kwenye chai. Akabisha mlangoni kwako. Ukafungua nusu. Ukampa shikamoo, tena ya heshima, hapo nakusifu. Halafu ukamwambia, "Asante sana mama, usijisumbue, chakula ninacho." Akasema haya, akageuka na boga lake. Wewe hukuona alivyorudi, ulikuwa umeshafunga mlango. Mimi nilimwona. Alirudi polepole kuliko alivyokuja, na hata kuku waliokuwa njiani kwake hakuwafukuza.

Usinielewe vibaya, sikugombezi. Wewe ni mwalimu, umehamishiwa kwetu huu mwezi wa pili tu, umepanga chumba changu cha uani, na hutaki kuwa mzigo kwa mtu. Ni tabia nzuri hiyo. Nilikuwa nayo hata mimi, na ndiyo iliyoniponza.

Kaa basi, daftari za wanafunzi zitasubiri.

Miaka hiyo nilikuwa nashona kwa Mzee Hamisi, kwenye kibaraza cha duka lake karibu na soko. Vyerehani vitatu, kimoja chake, kimoja changu, na cha tatu kilikuwa kibovu lakini hakutaka kukitoa kwa sababu kilikuwa cha baba yake. Mimi baba yangu alikuja huku na biashara ya vitambaa kutoka Pangani, akaoa Mnyaturu, akasahau kurudi. Kwa hiyo Kinyaturu nakisikia vizuri lakini nikikisema watu wanacheka. Kushona, hapo sasa, hakuna aliyecheka. Nilikuwa hodari, na nilijua kwamba nilikuwa hodari, ambalo ni jambo la hatari kwa kijana.

Jumapili moja asubuhi alikuja bibi mmoja amemshika mkono mjukuu wake, binti wa miaka kama kumi na miwili. Binti analia mpaka kamasi. Walikuwa wametoka Mungaa, na binti alikuwa anakwenda kupokea kipaimara siku hiyo kanisani hapa mjini. Ndani ya basi msumari wa kiti ulilishika gauni lake jeupe, likachanika kutoka kiunoni mpaka chini. Askofu anaingia kanisani saa nne. Nikatazama saa ya ukutani, ilikuwa saa tatu na nusu.

"Mjukuu wangu," akaniambia yule bibi, "hata kama utalishika kwa pini tu, mtoto asiingie mbele ya watu hivi."

Pini? Mimi nishike kwa pini? Nilisukuma pembeni suti ya bwana harusi niliyokuwa nayo kwenye cherehani, nikalichukua lile gauni. Mchaniko ule ukiushona tu, kovu litaonekana mpaka mlango wa kanisa. Nikachukua lesi, nikaishusha juu ya mchaniko wote, halafu nikashusha nyingine upande wa pili ilhali upande huo ulikuwa mzima, ili ionekane ndivyo gauni lilivyokusudiwa tangu mwanzo. Binti alipojitazama kwenye kioo chetu chenye ufa, akaacha kulia. Akaanza kujigeuza huku na huku kama bibi harusi.

Yule bibi akafungua fundo la kanga atoe hela. Nikamwambia, "Nenda bibi, askofu hasubiri." Akaniangalia sana usoni, kama anayetaka kunikariri. Akaniuliza jina, akanitajia lake, Anastazia, na nyumba yake kwamba iko Mungaa nyuma ya kanisa, penye mawe makubwa. Halafu akaokota chini utepe mweupe wa kitambaa cha gauni niliokuwa nimeukata. "Huu unautupa?" Nikasema nautupa. Akauviringisha, akaufunga kwenye kanga, wakaondoka wanakimbia. Mzee Hamisi alinisogezea kikombe chake cha kahawa, na kwa anayemjua, hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Mpaka hapo, mwanangu, nilikuwa mtu mwema. Laiti hadithi ingeishia hapo.

Wiki tatu baadaye, siku ambayo mji umejaa watu, Bibi Anastazia akatokea tena. Safari hii yuko peke yake, na kwapani ana kuku. Kuku jike mwekundu, shingo tupu, mnene, ametulia. Na miguu ya kuku imefungwa kwa ule utepe mweupe wa gauni, tena umefungwa vizuri, kwa fundo lenye masikio mawili.

Kibarazani palikuwa na wateja wawili watatu. Mmoja wao alikuwa binti anaitwa Zuhura, amekuja kuulizia sketi yake. Sketi ile ningeweza kuimaliza kwa siku moja, lakini nilikuwa naichelewesha makusudi ili aje kuiulizia. Sasa kijana akiwa na msichana anayemtazama, akili hupungua nusu.

"Mjukuu wangu, nimekuletea huyu," akasema Bibi Anastazia, akamnyoosha kuku kwa mikono miwili.

Nikasimama. Nikapaza sauti kidogo ili Zuhura asikie vizuri. "Hapana bibi. Mimi nilikusaidia kwa ajili ya Mungu tu. Sitaki chochote. Rudi na kuku wako nyumbani, utamhitaji."

Mikono yake ilibaki imenyooka kwa muda. Halafu akamrudisha kuku kwapani, akamfunika kichwa kwa ncha ya kanga asiingiwe na vumbi. "Haya, mjukuu wangu," akasema. Akashuka ngazi za kibaraza, akapotea kwenye watu.

Mimi nikageuka kumtazama Zuhura nione kama amependezwa. Zuhura alikuwa anatazama chini.

Cherehani cha Mzee Hamisi kikanyamaza. Mzee yule alikuwa hakatishi mshono hata mvua ikinyesha, kwa hiyo nikajua pana jambo.

"Mungaa unapajua?" akaniuliza.

"Napajua, mzee."

"Huyu bibi ametoka kwake saa ngapi ili afike hapa saa hii?"

Nikatazama saa ya ukutani.

"Amekaa katikati ya kuku wake akachagua mmoja. Si yule mkondefu, umemwona mwenyewe. Amemfunga kwa kitambaa kilichotoka mkononi mwako. Amempakata njia nzima. Na wewe unamwambia utamhitaji! Nani amekuambia kwamba yeye ni mhitaji?"

"Mzee, mimi nilitaka kumsaidia tu."

"Ulishamsaidia. Leo ilikuwa zamu yake. Wewe umetaka zamu zote ziwe zako." Akavua miwani, akaifuta, na nikaona kwamba amekasirika kweli. "Kule kwa mama yako hukufundishwa? Mtu akikuletea kuku kwa mikono miwili, amekuambia kuanzia leo wewe ni mtu wa kwake. Umemjibu kwamba hutaki kuwa mtu wa kwake. Tena mbele ya watu."

Halafu akanyoosha mkono kwenye cherehani changu, akachomoa bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, akaitia kwenye mfuko wa kanzu. Cherehani bila bobini, mwanangu, ni meza tu. Akasema, "Utaipata siku yule kuku atakapoingia hapa dukani. Na usiende kuninunulia mwingine sokoni. Ile shingo nimeiona."

Ungedhani nilikimbia stendi siku ileile. Wapi! Nilikuwa kichwa kigumu. Moyoni nikasema, mtu unatenda wema halafu unaadhibiwa? Nikakaa siku kumi nashona vifungo na kukunja pindo kwa mkono, vidole vimejaa matundu ya sindano. Na mji wetu unaujua. Mtu akipiga chafya stendi, sokoni wanamwombea afya. Kila anayepita: "Fundi, cherehani kinaumwa?" Wapagazi, wauza vitunguu, hata watu ambao sijawahi kuwashonea soksi. Siku ya kumi akapita Zuhura. Hakuuliza habari ya sketi. Aliniambia tu, "Mimi bibi yangu angefanyiwa vile, asingelala." Akaenda zake.

Usiku ule mimi ndiye sikulala. Nilikuwa naiona ile mikono miwili imenyooka, na hakuna wa kuipokea.

Asubuhi nikapanda basi mpaka Ikungi, na kutoka pale nikapata lifti ya baiskeli kipande, kipande nikatembea. Sikwenda mikono mitupu. Nilibeba kilo mbili za sukari na mche wa sabuni, nikiamini kwamba sasa nimekuwa mtu mzima mwenye akili. Kufika Mungaa nikamuuliza mama mmoja nyumba ya Bibi Anastazia. Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe ndiye yule fundi aliyekataa kuku?" Nilitamani mawe yale makubwa yanifunike.

Nilimkuta anaanika uwele juu ya jiwe bapa, anautandaza kwa kiganja. Mjukuu wake, Veronika, yule wa gauni, akaniletea kigoda. Nikampa bibi shikamoo, akaniitikia marahaba, sauti ya kawaida, wala hakununa. Nikapata moyo. Nikamnyooshea mfuko wa sukari na sabuni.

Akautazama. Akarudisha macho kwenye uwele wake.

"Hapana mjukuu wangu," akasema. "Mimi nimekukaribisha kwa ajili ya Mungu tu. Sitaki chochote. Rudi na sukari yako nyumbani, utaihitaji."

Neno kwa neno, mwanangu! Hakuacha hata moja. Veronika akakimbilia nyuma ya nyumba, nikamsikia anacheka huko mpaka anakohoa. Mimi nikabaki kwenye kigoda na mfuko umening'inia mkononi, sijui niuweke wapi. Chini? Mapajani? Nirudi nao? Nilitoka mjini nimejipanga, nimeuchagua mwenyewe, na sasa mtu ananiambia kwa upole kabisa kwamba hauhitaji. Ilinichoma. Na ndipo nikaelewa kwamba yeye alichomwa hivihivi, ila yeye alikuwa mbele ya watu, ana umri wa bibi yangu, na amepakata kitu chenye roho.

Nikaweka mfuko chini. Nikasema, "Bibi, nimekosa. Nimekuja kuomba kuku wangu."

Kiganja chake kiliendelea kutandaza uwele, kinakwenda na kurudi. Kama angesema hakuna kuku wako hapa, angekuwa na haki yake yote, na ningeishi na ile aibu mpaka leo.

"Kuku wako?" akauliza.

"Kuku wangu uliyeniletea."

Akasimama, akajipangusa mikono. Akaniambia kwa Kinyaturu kitu ambacho mama yangu alikuwa akiniambia nikiwa mdogo nikikubali kuoga bila ugomvi. Maana yake ni kama kusema, ona sasa, kumbe unaweza. Na akacheka. Kicheko kile kilinishushia mzigo ambao hata sikujua nimebeba mkubwa namna ile.

"Lakini umechelewa," akasema. "Njoo uone."

Akaniingiza ndani. Kwenye kona, ndani ya chungu kikuukuu chenye majani makavu, alikuwa amekaa yule kuku mwekundu shingo tupu, ametanua mabawa, ananitazama kwa jicho moja la dharau. Ule utepe mweupe umetundikwa kwenye msumari juu yake.

"Ameatamia tangu juzi. Mayai kumi na moja. Ni wako, lakini leo humchukui. Ungekuja mapema ungemkuta anazurura. Rudi baada ya wiki tatu." Halafu akaangalia nje mlangoni. "Na sasa lete hiyo sukari, tunywe chai."

Nilikula siku ile ugali wa uwele na mlenda mpaka nikashindwa kuinama kuvaa viatu. Kila nikitaka kusema nimeshiba, naogopa, nanyoosha sahani tena.

Kurudi mjini, Mzee Hamisi akauliza, "Kuku yuko wapi?" Nikamwambia, "Ameatamia, mzee." Alicheka mpaka akavua miwani. Nikanyoosha mkono nikitegemea bobini. Akaipapasa mfukoni, akatikisa kichwa. "Nilisema siku atakapoingia hapa. Ameingia?" Basi nikarudi kwenye vifungo na pindo, wiki tatu zaidi.

Lakini hizo wiki tatu, usinihurumie. Zilikuwa tamu. Habari zilishaenea, na kila asubuhi mji mzima unaniuliza, "Fundi, ameangua?" Muuza mikeka akaniletea tenga, akasema, vifaranga utawabebea mkononi? Mama wa mashine ya kusaga akanitunzia pumba kwenye mfuko. Mzee mmoja wa vitunguu akanifundisha namna ya kuwakinga vifaranga na mwewe, akanichorea hata banda, chini, kwa fimbo. Kila mmoja wao, ulimi wangu ulitaka kusema hapana, usijisumbue. Kila mmoja nikajilazimisha kusema, "Asante, nipe." Mara za kwanza ilikuwa kazi kama kumeza kidonge bila maji.

Nikaanza kugundua kitu. Yule mama wa mashine nilikuwa nimempita miaka miwili, namwamkia, naendelea na safari. Siku nilipopokea pumba zake ndipo aliponiuliza mama yangu anatoka wapi, nami nikajua jina lake na watoto wake wangapi. Muuza mikeka naye akawa akinywa chai yake kwetu kibarazani. Nilikuwa nimezaliwa mji huu, nimewafanyia watu wake mema mengi kwa mikono hii, na kumbe nilikuwa naishi kama mpita njia.

Siku ilipotimia nilikwenda Mungaa na tenga langu. Vifaranga walikuwa tisa. Bibi Anastazia alimfunga kuku miguu kwa ule utepe mweupe, masikio mawili, akaninyooshea kwa mikono miwili. Nikampokea kwa mikono miwili. Machozi yalinilengalenga, nasema kweli.

Nilipoingia dukani, Mzee Hamisi akamchungulia kuku shingo. Aliporidhika akatoa bobini, akaifuta kwa kanzu, akaipachika mwenyewe kwenye cherehani changu. Vifaranga wakasambaa chini ya vyerehani, mmoja akalala ndani ya mguu wa suruali ya mteja. Kitu cha kwanza nilichoshona ni sketi ya Zuhura. Aliivaa siku ileile, na mengine unayajua, maana ndiye huyo aliyeko jikoni sasa hivi anajifanya hasikilizi.

Bibi Anastazia hakuwahi tena kuja mjini asipite kwangu, mpaka uzee ulipomweka nyumbani. Hata stuli yake ilijulikana, mtu mwingine akiikalia wateja wanamwambia hiyo ina mwenyewe. Veronika alipoolewa, gauni nilishona mimi, na alitaka lesi mbili, huku na huku, kama lile la kwanza. Na hao kuku wa shingo tupu uani, wanaokuamsha alfajiri mpaka ukanilalamikia juzi, unadhani walitoka wapi?

Sasa nikuambie lililonifanya nikukalishe. Kutoa ulifundishwa nyumbani, ukafundishwa shuleni, na nyumba za ibada zote mbili za mtaa huu zinakufundisha kila wiki. Kupokea hakuna aliyekufundisha, kwa hiyo nakufundisha mimi. Anayetoa tu na kukataa kupokea hajawa mwema, amejiweka juu ya wenzake. Mtu akija kwako na kitu, usikitazame kitu kwanza, mtazame aliyekileta. Pokea kwa mikono miwili, sema asante, mkaribishe akae, na zamu yako ikifika nawe utakwenda kwake.

Mama Salma amelea watoto sita. Wote wametawanyika sasa, Mwanza, Dar, Arusha. Maisha yake yote amechemsha boga la watu wanane, na mkono wake haujajua bado kuchemsha la mtu mmoja. Jana hakuja kukuuliza kama una chakula. Najua unacho, harufu ya maharage yako inafika mpaka huku.

Basi leo ukitoka shuleni usije moja kwa moja chumbani. Pita kwake, bisha, mpe shikamoo yako nzuri ile. Halafu usimwambie habari ya samahani nyingi, itamchosha. Mwambie hivi tu: "Mama, nimekuja kuchukua boga langu." Utaona uso wake.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe mkono mwepesi wa kutoa, na mwingine usioona haya kupokea. Akuoteshe mizizi katika mji huu wa upepo, hata siku wakikuhamisha ulie. Akujalie majirani wanaobisha, nawe usikose kuwafungulia mlango wote, siyo nusu. Na boga likizidi, mimi nitakuwa hapahapa kibarazani, na sitasema nimeshiba.